Lori Juu ya Nyasi za Shangazi Kadzo

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu. Hunijia hata leo nikifumba macho, polepole, kama moshi wa kuni mbichi. Nilikuwa dereva wa lori la matairi kumi, najiona nimeimaliza dunia. Shangazi yangu Kadzo, dada wa baba, alikuwa mjane huko Mjambere. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na nyasi laini, mbichi hata kiangazi kikikausha mtaa mzima. Ukizikanyaga pekupeku ungedhani unatembea usingizini.

"Hapo wapite watu na kuku tu," alikuwa akiniambia. "Gari lipite mbali."

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Bintiye alikuwa aolewe Jumamosi, nami nikataka kumpa shangazi zawadi: mawe ya kujengea baraza. Jumatatu nikafika, yeye amekwenda sokoni Kongowea. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi imelowa. Ningeweza kuyashusha mawe kando ya njia nikayabeba. Nikaona uvivu. Nikarudisha lori kinyumenyume juu ya zile nyasi hadi ukutani. Nilihisi ardhi ikididimia kidogo, kwa upole, kama godoro. Nikacheka.

Ijumaa nyumba ilijaa wageni kutoka Kaloleni, mabibi na watoto. Choo kikakataa kumeza maji. Kisha pale penye alama za matairi, mahali tulipokusudia kusimamisha hema, maji meusi yakaanza kububujika. Harufu ikatangulia kuwapokea wakwe. Bi harusi akajifungia chumbani, akalia.

Shangazi hakunigombeza mbele za watu. Aliniita kando.

"Karisa."

"Labeka, shangazi."

"Chini ya nyasi hizi marehemu mume wangu alilaza mabomba yenye matundu, juu ya kokoto. Maji ya tangi la choo hupita humo, mchanga ukayanywa kidogo kidogo. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya kwa mikono yake. Nawe umeikanyaga kifuani."

Afadhali angenipiga.

Majirani walitufungulia vyoo vyao na ua wao, harusi ikafungwa. Jumapili baada ya kanisa nikashika sururu. Mabomba niliyoyafukua yalikuwa yamepondeka kama makapi ya miwa. Fundi akasema udongo ule umeshindiliwa, hautanywa tena. Tuchimbe mitaro mipya upande wa pili. Nilichimba wiki mbili, shangazi akiniletea uji bila neno. Siku moja akakaa ukingoni, miguu ikining'inia mtaroni, akanisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiimba kila alipolaza bomba. Hapo nikajua amenisamehe.

Mwanangu, sasa unajenga, na malori ya mchanga yanakuja kwako. Uliza kwanza kilicholala chini. Penye mabomba pazungushie kamba, asiegeshe hapo hata mgeni wa heshima, wala usipamwagie zege. Na zawadi yako ipitishe njia anayoitaka mwenyewe, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkubwa akikukataza, muulize sababu, lakini tii kabla hujapewa jibu.

Mungu akujalie mzigo wako usimlemee mtu, na kila ardhi utakayoikanyaga ikuombee heri.