Jina la Kilima

Nilipofeli kidato cha nne, baba alinipeleka chuo cha maendeleo ya wananchi nikajifunze cherehani. "Kushona hakuna hesabu," alinifariji. Siku ya kwanza tu nikakuta kupima kiuno na kugawa kwa nne. Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Lakini chuo kile kilikuwa na mambo mengine. Jioni, aliyetaka alijifunza kulea na kufundisha watoto wadogo, na aliyetaka alijifunza ukocha wa mpira. Mimi nilitaka yote. Kocha wetu alikuwa mama mmoja mfupi, sauti yake inafika barabarani. Alitufundisha mambo mawili ambayo sikuyasahau. La kwanza: mjue mchezaji wako mpaka nyumbani kwao. La pili: fomu jaza yote, kwa sababu fomu yenye pengo inamwacha mtoto nyumbani.

Nilirudi kwetu Nyamigogo na vyeti vyangu kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akanipokea nijitolee: asubuhi darasa la awali, jioni timu ya wasichana. Akaniambia nikifikisha hata mchezaji mmoja kwenye timu ya wilaya, ataniandikia barua ya kuombea nafasi chuo cha ualimu. Nilitoka ofisini kwake nikiruka kama mwanambuzi.

Mchezaji nilikuwa naye tayari. Kipa wangu alikuwa darasa la sita, mikono mirefu, mpole, anaruka kwenye changarawe kama vile chini kuna godoro. Akidaka alikuwa anaukumbatia mpira, hataki kuuachia, na wenzake wanapiga kelele, "Mnyonyeshe basi, analia!" Yeye anacheka na mpira wake kifuani. Nilimshonea glavu kwa kitambaa cha jinzi kuukuu. Cherehani nayo ikaingia uwanjani.

Nikaenda kwao, kama nilivyofundishwa. Bibi yake alikuwa jikoni, anachoma mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwarimu. Ingia, usisimame mlangoni kama mdai."

Nikakaa kwenye kigoda karibu na moto. Mama wa kipa alikuwa anachambua maharage. Tulikula, tukaongea, na bibi akanisimulia walivyovuka wakati wa vita kule Burundi. Mama huyu wa kipa alikuwa mtoto mgongoni mwake, ana meno mawili. Akanitajia mpaka kilima walichotoka, maana kwao kilima ndiyo kijiji, polepole, kama mtu anayetaja jina la mtoto aliyekufa. Nikamwambia hata sisi ni wa kuja, baba aliswaga ng'ombe kutoka Shinyanga.

"Basi wote wageni," akasema bibi, na tukacheka.

Hapo ndipo nilipokosea, ingawa sikujua. Kwetu, ukiulizwa mmetoka wapi, unajibu kwa sauti na kujisifu. Nilidhani kuja ni kuja tu.

Kipa alichaguliwa. Ikaja fomu ya wachezaji, na ndani yake sehemu ya kuandika mama wa mchezaji alizaliwa wapi. Walimu wengine waliandika jina la kijiji chetu kwa kila mtoto, wakamaliza kabla chai haijapoa. Mimi nikakaa na rula. Nikaandika nchi, nikaandika mkoa, nikaandika na kilima. Mwandiko wangu ni mzuri, jamani. Niliufurahia.

Wiki ya pili yule mama alikuja uwanjani, timu inapasha misuli. Alisimama nyuma ya goli na kanga yake kaikaza.

"Mwalimu, nimeitwa ofisi ya uhamiaji. Wanataka karatasi za uraia."

"Poleni, mama. Kwa nini?"

"Sijui. Ila walitaja kilima." Akaniangalia. "Hicho kilima hata baba yake huyu mtoto hakijui. Tunakijua mama yangu, mimi, na huyu mtoto."

Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaitoa.

"Na mimi," nikasema. "Niliandika kwenye fomu. Ili aende kucheza."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Uliandika," halafu akageuka kumtazama binti yake, ambaye wakati huo alikuwa ameruka na kudaka, na wenzake wanamwimbia anyonyeshe. Mama akamwacha amalize zoezi. Alisimama pale mpaka mwisho, kisha wakaondoka pamoja.

Nilikimbia kwa mwalimu mkuu nikamwomba tuirudishe ile fomu, niandike upya. Akashika kichwa. "Mwanangu, ulichoandika ni kweli. Nitaifutaje kweli?"

Siku waliyoambiwa warudi na karatasi haikuwakuta. Asubuhi moja kipa hakuja shule. Nilipofika kwao, mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Maharage yamekauka shambani, yanapasuka yenyewe kwenye maganda. Jirani alisema wamevuka kurudi Burundi. Mwingine akasema hapana, wako Nyarubungo kwa ndugu. Nikaenda Nyarubungo kwa miguu, nikafika hata kijiji cha Bisibo. Kila nyumba niliyouliza walinijibu kwa adabu kwamba hawajui. Ningekuwa wao, hata mimi nisingesema.

Glavu zangu alikwenda nazo. Hilo nalishika sana.

Mwalimu mkuu aliandika ile barua, kwa sababu mchezaji alichaguliwa, na ahadi ni ahadi. Akaandika kwamba mimi ni mwaminifu na makini katika kazi za maandishi. Barua hiyo ndiyo iliyonifikisha chuo cha ualimu. Mwezi ujao namaliza. Nimepata kila nilichoota nikiwa kwenye cherehani: ualimu, filimbi, watoto wanaoniita kocha.

Likizo hii nimerudi Nyamigogo kufundisha timu, na bado natembelea wachezaji wangu makwao. Watu wananisalimia vizuri. Wananipa uji, mahindi, hata ndizi za kubeba. Ila nikifika tu, mtu anatoka haraka na kigoda, anakiweka uani, na mlango anaurudishia nyuma yake. Nakaa hapo. Simuulizi mtu ametoka wapi. Nakunywa uji nikiwa juani, nacheka na watoto, na ndani nasikia watu wakiongea kwa sauti ya chini mpaka niondoke.