Nati Niliyosema Nimeikagua

Kosa ni langu, na mpaka leo ofisini hakuna anayejua. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui.

Nafanya kazi maabara, hapa Bariadi. Tunayo mashine inayotambua sumu kwenye maji, damu, hata matumbo ya ng'ombe. Kabla ya kazi lazima ijipime yenyewe. Ikifeli, hakuna majibu. Mimi ndiye niliyepelekwa mafunzo, na niliporudi nilitembea kana kwamba nimeiunda mimi.

Nikabadilisha mrija wake wa ndani. Ikafeli.

Wakati huo tulishaletewa sampuli kutoka Nkololo. Ng'ombe wa mzee mmoja walikufa baada ya kunywa maji ya lambo, na kijiji kilimshuku jirani yake, Masanja, mkulima wa pamba, kwamba kamwaga dawa ya shambani.

Bosi wangu akauliza, "Umekagua kama inavuja hewa?"

"Nimekagua, mama. Kila nati."

Sikuwa nimegusa hata moja. Mtu wa mafunzo ahangaike na nati? Nikalaumu umeme. Nikalaumu vumbi. Nikafungua moyo wa mashine, nikausugua ukang'aa kama sufuria ya harusi. Skrini ikaonyesha waziwazi kwamba hewa inaingia. Nikasema skrini nayo mbovu.

Wiki zikapita. Bosi akasema anaita fundi kutoka Mwanza. Hapo ndipo nikakagua, kwa hofu. Nati ya ule mrija wangu ikazunguka kwa vidole viwili. Nikaikaza kimyakimya. Mashine ikakubali.

Bosi akanishika mkono mbele ya wenzangu. "Umetuokoa, mwanangu."

"Tunajitahidi, mama." Kweli, nilisema hivyo.

Majibu yakatoka: dawa ya kupe, si ya pamba. Masanja hana hata mbuzi. Mzee mwenyewe akakumbuka kwamba alisuuzia lamboni pampu yake ya kunyunyizia dawa hiyo.

Lakini Masanja alishahama. Watu waliacha kumsalimia, mkewe akafukuzwa kisimani. Nikamfuata huko Mwamapalala alikohamia, kumpa habari. Akanikaribisha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona mlichelewa hivyo?"

"Mashine iliharibika, baba."

"Basi. Mashine nayo huumwa. Si kosa lako."

Nikatafuna michembe yake, nikamshukuru, nikaondoka.

Sasa nimepandishwa cheo, nafundisha wageni kazini. Jamani, ukiulizwa kama umekagua na hujakagua, sema hujakagua. Utaona aibu mpaka saa ya chai, basi. Ningesema hivyo siku ile, Masanja angekuwa analima kwake.