Siku Niliyowaita Wavivu Watu Waliokosa Hewa

Nakumbuka mchana mmoja karibu na Kharumwa, mwanangu. Nilikuwa msimamizi wa duara, shimo letu la kuchimbia dhahabu. Usidhani nilikuwa kijana. Mvi zilishajaa kichwani, ndiyo maana aibu yangu ni kubwa zaidi.

Wachimbaji watatu walikuwa chini. Bomba la nailoni linalowapelekea hewa ya feni lilikuwa limechanika, nikasema tutaliziba kesho. Haikupita muda, wawili wakapanda wakilalamika vichwa vinauma. Nikawacheka. "Uvivu huo," nikawaambia. Masanja, mtoto wa jirani yangu, akabaki chini akigonga mwamba peke yake, nami nikamsifu mbele ya wenzake.

Mpwa wangu Nyanzobe, mwalimu wa fizikia kule Mhunze, alikuwa amekuja kunisalimia. Tukakaa pembeni, akanionyesha kwenye simu chombo cha kampuni binafsi kikipeleka watu wanne angani. Nilishangaa kuona hakuna aliyeshika usukani. Chombo kinajiongoza chenyewe mpaka kinajishikiza kwenye kituo kule juu. Wao wanatazama skrini, tayari kushika uongozi kikikosea.

"Na hewa je?" nikauliza.

"Wanaibeba, mjomba, lakini kuibeba hakutoshi. Ile wanayoitoa puani ni sumu ikirundikana, kwa hiyo feni inaivuta na kuipitisha kwenye dawa inayoinasa. Feni ikizimika, pumzi yako inabaki imekuzunguka uso. Ndiyo maana kuna mitambo ya kupima hewa, inapiga kengele mapema."

"Kengele ya nini? Mtu si atasikia mwenyewe?"

"Hasikii vizuri. Kichwa kinamuuma, usingizi unamjia, akili inapotea. Ukimuuliza, atakwambia yuko mzima."

Mwanangu, hapo ndipo nilipotega sikio. Sauti ya nyundo ilikuwa imekoma, na sikujua imekoma tangu lini.

Nikainama shimoni nikamwita apande. Masanja akajibu polepole kama mlevi: "Yaya, hapana, mzee, sitoki. Niko sawa. Napumzika tu."

Nikataka kushuka. Nyanzobe akanivuta shati kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Ukishuka tutatoa wawili! Si bado amejifunga kamba? Mvuteni!"

Tukavuta, mimi na wale wawili niliowaita wavivu. Akatoka midomo imebadilika rangi, macho wazi lakini hayanioni. Akatapika, akaanza kutetemeka. Alilazwa siku kadhaa, akapona.

Mama yake alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza neno moja tu: "Wale wawili walipokwambia vichwa vinauma, wewe ulisikia nini?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Kwa hiyo nakuambia wewe utakayesimamia watu: anayesema anaumwa, mwamini kwanza, uchunguzi ufuate. Kinachowapa watu pumzi kikiharibika, kazi isimame saa hiyohiyo, isingoje kesho. Wala usimwachie aliye hatarini akwambie kama yuko hatarini. Weka chombo cha kupima, maana chombo hakioni haya kupiga kelele. Wale wanaokwenda angani wamesoma na wamefunzwa kuliko sisi sote, na bado hawaachiwi wajipime kwa hisia zao.

Mungu akuepushe na kiburi changu, mwanangu. Akupe moyo wa kusikiliza, na kila utakayemtuma kazini arudi kwao akiwa hai.