Mama Vifuniko na Mkwe Wake

Mama Vifuniko hakuzaliwa na jina hilo, wala hakulipenda alipopewa. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli mpaka nywele zikaota mvi, na miaka yote hiyo dirisha la chumba cha kufulia lilitazama ua wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliwaona watu wa jikoni wakija na masufuria ya wali, maharage na viazi ambavyo wageni hawakuvimaliza, wakavimwaga. Yeye aligeuza uso, akaendelea na pasi yake. Jikoni kulikuwa na wenyewe.

Alipostaafu ndipo jambo lile likamkaa rohoni. Mchana ukifika, mikono haina la kufanya, akili yake inakwenda kwenye mapipa. Siku moja alivaa gauni lake la heshima, akaingia hotelini kwa mlango wa mbele, akaomba kuonana na meneja. Meneja alimpokea vizuri, ila alikuwa na hofu: mtu akiumwa tumbo, lawama itamwangukia nani? Mama akamweleza kwamba hataki kitu kilichokwisha kupakuliwa. Anataka kilichobaki kwenye sufuria, kingali cha moto. Atakibeba kwenye ndoo safi zenye vifuniko, na kitaliwa kabla jua halijazama. Alivyovishikilia hivyo vifuniko, mpishi mkuu aliyeitwa kusikiliza, bwana mnene asiyeishiwa maneno, akamvika jina pale pale. Ombi likakubaliwa, jina likaganda.

Usafiri aliupata nyumbani. Mdogo wake alikuwa fundi wa makochi mwenye kigari cha mizigo ambacho mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Alilalamika kwamba makochi ya watu yatanuka vitunguu, kisha akaja, na kesho yake akaja tena bila kuitwa. Chakula walikipeleka kwenye ukumbi mdogo nyuma ya zahanati, kwa sababu muuguzi wa pale alichoka kuona wagonjwa wakimeza dawa na tumbo tupu. Walikuja wazee wasio na mtu, kina mama walioachiwa watoto, na watu wa kiwanda kilichofungwa. Hakuna aliyehojiwa shida zake. Ulileta bakuli, ukapakuliwa, basi.

Mchana mmoja wa manyunyu, Mama Vifuniko aliinua macho kutoka kwenye ndoo ya maharage akamwona mkwe wake kwenye foleni. Alikuwa baba wa mume wa bintiye, mpima ardhi mstaafu, mtu wa shati lililonyooka, ambaye kwenye harusi ya watoto alitoa hotuba mpaka soda zikapoteza ubaridi. Alishika bakuli lililofungwa kwenye mfuko. Macho yao yakakutana. Mzee akatoka kwenye foleni taratibu, kama mtu aliyekosea mlango, akaishia kwenye mvua. Upawa ulibaki hewani mkononi mwa mama mpaka aliyefuata akakohoa.

Jioni alishika simu ampigie bintiye, akairudisha mezani. Watoto waliishi mji mwingine, na kila walipompigia, mzee aliwaambia anakula kuliko wao. Siri ile ikifika kwa binti itafika kwa mumewe kabla chai haijapoa, na mzee hatamtazama mtu usoni tena. Lakini kunyamaza tu nako alikuona ni kumwacha mtu na njaa yake.

Kesho yake alimwomba mdogo wake amshushe kwa mkwe na ndoo moja ndogo, yeye aende zake. Mzee alifungua mlango, akamkaribisha kwa heshima zote, macho chini. Sebule ilikuwa imefagiwa, viti vina vitambaa vyake. Lakini mlango wa friji ulikuwa wazi, umeegeshwa kwa kitambaa, na ndani hamkuwa na kitu.

"Jana nilipotea njia, mkwe," mzee alisema.

"Hukupotea. Nilikuona, nawe uliniona."

Mzee akanyoosha kitambaa cha kiti. Kisha akasema polepole, "Sikutegemea kufika mahali pa kula makombo."

"Makombo hutoka kwenye sahani ya mtu. Hiki kimetoka kwenye sufuria, hakuna aliyekigusa ila mpishi." Akafunua ndoo. "Lete sahani mbili. Mimi napakulia watu, halafu nikifika kwangu nakosa hamu ya kula peke yangu."

Wakala. Katikati ya kula mzee akafunguka: ugonjwa wa marehemu mkewe ulimaliza akiba yote, na kijana wake ndiyo kwanza amepata mtoto, angembebeshaje mzigo mwingine? Alimwomba Mama asiwaambie watoto habari hizo. Mama akakubali, kwa sharti kwamba mzee atawaambia mwenyewe.

Tangu hapo alipita pale akitoka ukumbini, wakala pamoja, mzee akimsema mpishi kwamba ana mkono mzito wa chumvi. Zilipita wiki nyingi kabla hajatokea tena kwenye foleni na bakuli lake, safari hii bila mfuko. Alisimama nyuma ya fundi viatu mmoja, wakabishana kuhusu mpira mpaka zamu yao ikafika. Mama akampakulia kama alivyompakulia fundi viatu, si zaidi, si pungufu.

Wiki hiyo hiyo mzee alimpigia mwanawe. Aliyoyasema anayajua yeye. Jumamosi kijana akashuka na basi, akamkosa baba nyumbani, akaelekezwa ukumbini. Alimkuta akila benchini, akainama akamshika bega. Kisha akamfuata mkwewe pale kwenye ndoo.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukutuambia?"

"Baba yako ana mdomo wake mwenyewe."

Mdogo wake Mama Vifuniko, aliyekuwa akisuuza sufuria, alicheka mpaka akajimwagia maji. Kijana naye akacheka huku akijifuta macho. Halafu akauliza kama kuna bakuli la ziada, maana safari ilikuwa ndefu na hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri.