Nguzo Zinazoning'inia

Wifi yangu hakuwa na breki mdomoni, nami nilimpenda kwa hilo mpaka siku alipoutumia mdomo huo kwetu.

Alikuwa mhandisi wa majengo. Kaka yangu, mumewe, alikuwa msimamizi wa mafundi kwenye jengo hilohilo alilolichora mkewe. Walitaniana kutwa. Kaka alimwita Mama Mirunda, maana wimbo wake ulikuwa mmoja: mirunda isiguswe, zile nguzo za muda zinazoshikilia jengo likiwa bado changa.

"Zege limekauka, mke wangu, nguzo zimesimama wima. Unaogopa nini?"

"Hazijasimama. Zinaning'inia. Na wa kuzishika bado hajazaliwa."

Mimi na mama alituelezea tukiwa tunaanika nguo. Mwenye jengo alitaka chini ukumbi mpana usio na nguzo hata moja. Kwa hiyo sakafu zote za juu, pamoja na nguzo zake, zingening'inizwa kwenye boriti nene ya juu kabisa, kama zile nguo kwenye kamba, na boriti hiyo ndiyo ingejengwa mwisho. Ndiyo maana alipiga hesabu hatua kwa hatua, kila sakafu kivyake.

"Likikamilika halina neno," alisema. "Hatari ni kabla."

Mama akacheka. "Kumbe hata majengo yana ujana!"

Boriti ya juu ilikuwa bado nondo tupu mwenye jengo alipotaka kuanza kuweka vioo ukumbini. Kaka akazitazama nguzo za ghorofani zilivyonyooka, akaona haya kumbishia bosi kwa maneno ya mkewe. Akaamuru mirunda itolewe, akaingia mwenyewe kusaidia. Sakafu zilishuka zote. Tulimzika yeye, na mafundi wawili wakazikwa kwao.

Wataalamu wa tume ya uchunguzi wakaliingiza jengo kwenye kompyuta, jengo zima lililokamilika, wakaona liko imara. Basi ubaya ukawa wa zege, na mchanganyaji wa zege akawekwa ndani. Nyumbani, Mungu atusamehe, tulishusha pumzi. Mkuki kwa nguruwe. Angalau marehemu wetu alibaki na jina safi.

Wifi akaenda mbele ya tume, mimi nimekaa nyuma yake.

"Jengo mlilopima halijawahi kuwepo," aliwaambia. "Lipimeni lilivyokuwa asubuhi ile, halina boriti juu, halina mirunda chini."

Wakamwuliza nani aliamuru mirunda itolewe. Nilimwomba moyoni asiseme, nikamwomba kwa jina la kaka.

"Mume wangu," akasema.

Nilimchukia, sitapamba maneno. Nyumbani mama alimngoja mlangoni.

"Umemzika mwanangu mara ya pili."

"Mama, na yule aliyefungwa ana mama yake."

Mama akampa mgongo. Siku zile hakuna aliyemsemesha, hata chakula alikula peke yake jikoni. Mwishowe akafunga virago akaondoka, na mimi nilikuwepo, nikajifanya napiga pasi.

Mchanganyaji wa zege alipoachiwa alikuja kutupa pole, amekonda, shati linampwaya. Hakumtaja kaka kwa ubaya. Alikunywa maji tuliyompa, akatazama huku na huku.

"Nilitaka pia kumshukuru yule mama mhandisi. Yuko ndani?"

Mama alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa amemwuliza wifi anahamia wapi.