Siku Tui Lilipokatika

Sisi tuliokulia Mambrui kabla tui halijaanza kuuzwa kwa pakiti tuna alama zetu. Yangu iko kwenye kidole gumba, kovu la meno ya mbuzi ya kukunia nazi, nami humwonyesha yeyote atakayekubali kutazama. Wanangu wamelitazama mpaka wamechoka. Wao wakiiona mbuzi ile kwa bibi yao huikalia wakachezea simu, wakidhani ni kigoda kibovu.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi mkubwa, kisha Zuhura, kisha Bakari, mdogo wake kwa mwaka mmoja na nusu. Baba alifanya kazi Mombasa, tukimwona mwisho wa mwezi. Mama alitoka alfajiri kwenda shamba. Kwa hiyo wale wawili walikuwa wangu. Niliwaogesha, nikawalisha, nikawapeleka chuoni kusoma Kurani, mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, maana wakiwa pamoja walipigana. Walipigania ukoko wa wali, walipigania upande wa kitanda ulio karibu na dirisha. Na kusemeana, usiseme! Bakari akivunja kikombe, Zuhura keshafika kwa Mama kabla vipande havijatulia chini.

Nilipopata nafasi ya sekondari ya bweni kule Kilifi, Mama alifurahi siku moja tu. Ya pili akaniuliza, "Ukienda, hawa nitamwachia nani?" Nilikasirika, nasema kweli. Nilijifungia chooni nikalia, nikawachukia wote wawili kwa kuzaliwa. Mama alinisikia lakini hakunibembeleza. Nilipotoka akasema, "Basi wafundishe. Siku watakayopika wakala bila wewe, utakwenda. Wakishindwa, ungoje mwakani." Mwakani! Shule ingefunguliwa baada ya wiki mbili, na nafasi yangu isingeningoja.

Niliwafundisha kwa ukali kuliko mwalimu wetu wa chuoni. Zuhura akune, Bakari akamue kwa kifumbu, kile kichujio cha ukindu. Tui la kwanza, lile zito, mnaliweka kando. La pili, jepesi, ndilo la kupikia mbaazi. Zito linatiwa mwisho, na mkishalitia msiache kukoroga. Niliwakaririsha asubuhi na jioni, hata Bakari akawa anajibu kabla sijauliza.

Siku ya mtihani Mama alinichukua shamba kwa makusudi. Nilipalilia mihogo roho mkononi. Tuliporudi adhuhuri tuliwakuta wamekaa kizingitini bega kwa bega, nami nikajua mambo yameharibika. Nikafunua sufuria. Loo! Tui limekatika, mafuta juu, maji chini, mabongemabonge katikati. Walikuwa wametia zito mwanzo, wakafunika, wakaenda zao uani kucheza mdako.

"Nani aliyetia tui?" Mama akauliza.

"Mimi," akasema Zuhura.

"Mwongo huyo, Mama. Ni mimi."

"Wewe ulishika kifuniko tu!"

"Nilitia mimi!"

Watoto hawa hawa, waliosemeana kwa kikombe, kwa ndala, kwa tone la uji, leo kila mmoja anajivutia kosa. Nikamtazama Mama, naye alikuwa akiwatazama wao. Akanawa mikono, akaketi mkekani, akala mbaazi zile na mahamri ya asubuhi, nasi tukala. Alipomaliza akasema, "Chumvi iko sawa." Kisha akanigeukia. "Kapange nguo zako."

"Mama, na tui lilivyokatika?"

"Tui nimeliona. Wewe kapange nguo."

Sikuelewa, lakini nilipanga haraka kabla hajabadili nia.

Niliporudi likizo ya kwanza nilishuka stendi nikitarajia kukuta nyumba iko juu chini. Wapi! Zuhura alikuwa akichuja tui, Bakari akichochea moto, wakizungumza kwa maneno nusunusu ambayo wenyewe tu waliyaelewa, na kucheka juu yake. Ukoko waliugawa katikati bila mtu kuwaambia. Nikavuta mbuzi nikakaa nikune nazi iliyobaki. Zuhura akaja akanishika mkono akaniinua. "Dada, pumzika. Wewe mgeni." Aliniambia kwa heshima kabisa, na ilinichoma. Nilikuwa nimetaka niachwe niende, sasa nimeachwa. Nilikaa mkekani nikawatazama wakinipikia, na mbaazi zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Leo hao ni watu wazima. Zuhura yuko Malindi mjini, Bakari yuko Kilifi, na hawalali bila kupigiana simu. Aliyetia tui ni nani? Nimewauliza kila Idi, na kila Idi kila mmoja husema ni yeye.

Wanangu wawili nimewaepusha na taabu zote hizo. Kila mmoja ana chumba chake, simu yake, na saa yake ya kula. Mkubwa hupasha chakula chake akala, mdogo naye hupasha chake baadaye. Hawapigani hata kidogo, na wageni hunisifu kwa malezi mema. Wiki iliyopita nilikuta glasi imevunjika jikoni. Nikauliza ni nani. Wakajibu pamoja, kila mmoja kutoka chumbani kwake, bila kufungua mlango: "Si mimi."

Nikafagia mwenyewe.