Kivuli Kwenye Ukuta wa Chokaa

Mwaka jana nilifika, hatimaye, kwenye kile kisiwa cha Ugiriki ambako mama yangu alikaa kiangazi kizima mimi nikiwa na miaka tisa. Sikwenda kuogelea. Nilikuwa na picha saba ndani ya bahasha, na nilitaka kusimama mahali zilipopigiwa. Basi niko hapo kwenye ngazi zilizopakwa chokaa, mbele ya ukuta mweupe wenye mlango wa buluu, mhudumu wa mkahawa wa karibu akanijia na tabasamu, akanyoosha mkono, akaomba simu yangu anipige picha. Unajua nilimjibu nini? Nilimuuliza kwa nini. Maskini, akaduwaa na mkono wake hewani. Mimi ndivyo nilivyo, nawe unanijua. Ukinisalimia mara mbili siku moja nitajiuliza unataka nini. Lakini sikuzaliwa hivi. Nilifundishwa, tena nikiwa mdogo, na mwalimu wangu alikuwa baba.

Tulikuwa tunakaa Al Rayyan, kando ya Doha, ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko ambamo watu wawili hawakuweza kupishana. Kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa na kudondosha maji kwenye ndoo, na kazi yangu ilikuwa kuangalia ndoo isifurike, kisha kupiga deki kwa maji yale yale. Mama alikuwa muuguzi. Alimhudumia bibi mmoja mzee wa familia kubwa, tuliyemwita Bibi Mkubwa ingawa mimi sikuwahi kumwona hata siku moja. Baba alikuwa mlinzi kwenye jengo refu la West Bay. Usidhani alisimama langoni. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, akiangalia skrini kumi na mbili, siku nzima, akitafuta mtu mmoja kati ya mamia asiyetembea kama wenzake.

Kazi ile hakuiacha kazini. Ijumaa, baada ya ibada, tulikuwa tukienda Kornishi, kando ya bahari, kukaa ukutani na chai ya karaki, ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi, tamu ya kuuma meno, huku mama akigawa mandazi aliyofunga kwenye kitambaa. Hapo baba alinifundisha mchezo wake. Usimwangalie mtu, alisema, angalia kinachomzunguka. Angalia kivuli, angalia kioo cha gari, angalia mkono usiouona. Nikijibu vizuri nilipata andazi lake. Mama alicheka na kusema anamharibu mtoto. Nilikuwa hodari, sitaki kujidai, na nilikula mandazi mengi.

Kiangazi kilipokuja, joto la Doha likawa la kutoka mlangoni na kurudi. Familia ya Bibi Mkubwa ikahamia kisiwani kwa wiki nane na mama akaenda nao. Nikabaki na baba na ndoo yangu. Alipokuwa zamu nilikaa kwa jirani wa mlango wa mbele, mama mmoja Mganda aliyenisuka nywele kwa kuvuta bila huruma na kunipikia ndizi zenye mchuzi wa karanga. Baba alipika ugali na samaki wa kukaanga kila siku, kila siku, mpaka mapazia yakanuka samaki.

Mwezi mmoja ulipopita, mmoja wa watoto wa Bibi Mkubwa alirudi mapema, na dereva wao akatuletea bahasha kutoka kwa mama. Picha saba. Nakwambia sijawahi kufurahia kitu kama zile picha. Tulizipanga mezani nikautembea mji ule wote bila kutoka Al Rayyan: bandari ndogo yenye paka wanene, pweza walioanikwa kwenye kamba kama soksi, kinu cha upepo kilimani, kanisa lenye kuba la buluu, uchochoro wa maua ya waridi, kibanda cha mvuvi wa sponji, na ule ukuta mweupe wenye mlango. Katika kila picha mama alisimama katikati akicheka. Nyumbani alicheka, ndiyo, lakini si hivyo. Huko alicheka meno yote nje, kichwa nyuma, kama mtu anayechekeshwa.

Na mimi, mjinga mimi, nikiwa natafuta andazi, nikaweka kidole kwenye picha ya ukuta nikasema, "Baba, kuna mtu hapa."

Kilikuwa kivuli. Kirefu, chembamba, kimetoka chini ya picha, kimepanda ukuta hadi karibu na bega la mama. Baba aliinama akakitazama. "Umeona vizuri," akasema. Kesho yake nilimkuta amezipanga upya, anazipitia moja moja, kama zile skrini zake. Mama yumo katika zote saba. Sasa nani amezipiga zote saba?

Alimuuliza mama kwenye simu. Niliisikia sauti ya mama kwa sababu simu yetu ilipiga kelele kuliko redio. Alicheka, akasema, "Si ni Bibi Mkubwa!"

"Bibi Mkubwa hatoki nje. Wewe mwenyewe ulisema miguu imekataa."

"Hapa Doha hatoki, anaona haya. Huku namsukuma kwa kiti cha magurudumu tunazunguka mji wote. Kamera ni yake. Mwenyewe hataki kupigwa, anataka kunipiga mimi."

"Na huyu mrefu kwenye ukuta?"

Mama hakucheka tena. Aliuliza mrefu gani. Baba akasema kwamba kila siku watu wanaokamatwa humletea kazini hadithi nzuri kuliko hiyo, kisha akakata simu. Nilikuwa nimeshika ufagio. Nilijua ni mimi niliyemwonyesha.

Jirani alipopata habari alimwambia baba palepale mlangoni, "Ssebo, yule ni mkeo, si mwizi wa dukani." Ssebo ni heshima kwa Waganda, lakini siku ile haikusikika kama heshima. Baba alimshukuru kwa utulivu na kufunga mlango. Jioni yake alishusha sanduku langu kutoka juu ya kabati. Alisema nitakwenda kwetu Bungoma, kwa nyanya yangu, nitasoma huko. Mama akirudi atakuta nyumba ina mtu mmoja, ndipo wataongea wakubwa kwa wakubwa. Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Shule yangu ilikuwa Doha, mama yangu alikuwa anarudi Doha, na nilielewa vizuri sana kwamba nikiondoka mimi, hakuna atakayebaki wa kuwaunganisha wale wawili.

Siku tatu zilipita nguo zangu zikiwa ndani ya sanduku. Nami sikuwa mwema kama unavyofikiri. Nilimshuku mama pia. Nililala nikimtengenezea yule mtu mrefu sura, nikampa kofia, nikampa hata masharubu. Siku ya nne baba akasema nimpige picha kwa simu yake, nyanya anataka kumwona. Akasimama mbele ya pazia, akanyoosha shati. Nikapiga. Nilipoitazama nikaona matundu ya pua yake, na kidevu kikubwa, na taa ya dari juu ya kichwa chake.

Nikaenda mezani. Nikaiweka simu kando ya picha za mama. Matundu ya pua ya mama yalionekana. Kidevu chake kilionekana kutoka chini. Kuba la kanisa lilikuwa juu ya kichwa chake kama ile taa. Katika zote saba. Nikamwita baba nikamwambia, "Aliyempiga mama ni mfupi kama mimi. Au amekaa."

Alizitazama, akaitazama simu, akazitazama tena. Kwenye picha ya bandarini kulikuwa na doa jeusi ukingoni chini, ambalo alikuwa amesema ni kidole. Sasa akalisogeza karibu na macho: lilikuwa kitambaa, mkunjo wa abaya, baibui la Kiarabu, juu ya goti la mtu aliyekaa. Lakini mlinzi ni mlinzi. Saa kumi na moja jioni, joto likiwa bado la kuchoma nyayo, alinishika mkono tukashuka kwenye maegesho ya magari. Akageuza ndoo ya rangi, akaikalia jua likiwa mgongoni kwake, akaniambia nifuate kivuli chake nimwambie kinaishia wapi. Nilikwenda hatua kumi na nne. Kilivuka gari jeupe na kupanda ukuta wa upande wa pili. Baba alikaa pale juu ya ndoo muda mrefu, jasho likimtiririka, watu wakipita wakimshangaa. Kisha akasema, "Rudisha nguo kabatini."

Hakupiga simu. Hilo ndilo ninalomlaumia mpaka leo. Mama aliporudi Septemba alikuta sakafu imepigwa deki, samaki mezani, na mume anayembebea mkoba. Hakuombwa radhi naye hakudai. Alizikusanya zile picha, akazitia kwenye bahasha. Tangu siku hiyo hakukubali tena kupigwa picha. Nilipomaliza shule alisogea kando. Kwenye arusi ya mjomba alikwenda jikoni. Ukiinua kamera anafunika uso kwa leso, na ukiuliza sababu anasema amezeeka, ingawa alianza kusema hivyo akiwa na miaka thelathini na sita.

Lile jengo letu la Al Rayyan limebomolewa. Bibi Mkubwa alifariki zamani, bila kuacha hata picha moja ninayoijua, ila kivuli kile. Wazazi wangu walirudi Bungoma, na huko ndiko nilikowapelekea picha zangu za kisiwani, nimezichapisha, pamoja na bahasha niliyoiazima kwa mama. Nilipiga mahali pote saba nikiwa nimechuchumaa, maana ukisimama hapafanani. Na ile ya nane, ya ukutani: nilimpa yule mhudumu simu mwishowe, akanipiga.

Mama alikuwa anachambua kunde. Akafuta mikono, akazipitia polepole, akitaja kila mahali. Alipofika kwenye ya nane akaishika kwa mikono miwili. Mimi nacheka mbele ya mlango wa buluu, na kando yangu, ukutani, kuna kivuli kirefu. Baba alikuwa kwenye kiti chake na redio. Nilimwona akikiona kile kivuli, kwa umbali ule, na macho yale ya uzee.

"Na huyu mrefu ni nani?" mama aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alikuwa anamtazama baba.

Baba alizima redio. "Ni aliyeshika kamera," akasema. "Ni mtu aliyeshika kamera tu."

Mama aliendelea kumtazama. Kisha akaitia ile picha kwenye bahasha pamoja na zake saba, akavuta ungo wa kunde karibu, akaendelea kuchambua.